Malaki Tatu, Kabla ya Mstari wa Kumi

Aliyekulia kanisani huku Mwanza, liwe la mawe pale mjini au la mabati kule Igombe, anaijua Malaki 3:10 hata akiamshwa usiku wa manane. "Leteni zaka kamili ghalani." Imechapwa kwenye bahasha za sadaka, husomwa kabla kikapu hakijaanza kupita, na watoto wa Shule ya Jumapili huikariri kabla hawajajua ghala ni kitu gani. Sina ugomvi na zaka. Natoa, na nitaendelea kutoa. Ninachodai ni ile mistari tisa inayoitangulia, ambayo tunairuka mwaka hata mwaka, na ambayo kwangu mimi ina uzito kuliko mahali pengine popote nilipopata kusoma habari za hukumu ya Mungu na kutakaswa kwa mtu.

Sura yenyewe ni jibu. Swali liko mwishoni mwa sura ya pili: watu wamemchosha Mungu kwa kuuliza yuko wapi huyo Mungu wa hukumu, mbona waovu wanastawi. Huku kwetu swali hilo halijawahi kukauka. Analiuliza mjane aliyenyang'anywa kiwanja na shemeji zake. Analiuliza mvuvi aliyeporwa injini majini na anayemjua mwizi kwa jina. Walipouliza wale wa zamani, hekalu la Yerusalemu lilikuwa limeshajengwa upya, tangu mwaka 515 kabla ya Kristo. Waajemi wanatawala, maisha ni magumu, na ibada inaendelea. Tena inaendelea vibaya. Makuhani wanapokea kwa ajili ya madhabahu mnyama kipofu, mnyama kilema, mnyama mgonjwa, na nabii anawaambia wampelekee liwali wao zawadi ya namna hiyo, waone kama atawapokea. Kisha yanafuata maneno ambayo sijawahi kuyasikia yakihubiriwa: Mungu anatamani apatikane walau mtu mmoja wa kuifunga milango ya hekalu, ili moto wa madhabahuni usiwashwe bure.

Kwa hiyo walioomba hukumu wanaambiwa itakuja, na itaanzia nyumbani kwao. Bwana wanayemtafuta atalijia hekalu lake ghafula. "Kwa maana yeye ni kama moto wa mtu asafishaye fedha, na kama sabuni ya mtu afuaye nguo." Na wanaotiwa motoni kwanza si Waajemi, wala si majirani waabuduo sanamu. Ni wana wa Lawi, watu wa madhabahuni wenyewe. Karne kadhaa baadaye Petro aliandika neno lile lile kwa Wakristo, kwamba wakati umefika wa hukumu kuanza katika nyumba ya Mungu.

Sisi tumezoea kuielekeza kwingine. Nimeishi kando ya ziwa hili maisha yangu yote na ninajua tunavyosema linapomeza watu. MV Bukoba ilizama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imebakiza safari fupi tu kuingia Mwanza. Meli ya abiria 430 ilikuwa imebeba watu kupita kiasi hicho. Waliokufa wanakadiriwa kuzidi 800, na wapo waliozikwa pamoja pale Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu kabisa na gati la Ukara, kikiwa na watu zaidi ya mara mbili ya 101 walioruhusiwa, na zaidi ya 220 wakafa. Mara zote mbili nilisikia, matangani na kwenye daladala, watu wa imani kabisa wakisema Mungu amehukumu: chomboni mlikuwa na walevi, visiwani kumejaa ushirikina, na kadhalika.

Yesu aliletewa habari kama hizo, iko Luka 13. Watu walimweleza juu ya Wagalilaya ambao Pilato aliwaua wakiwa kwenye dhabihu zao, naye mwenyewe akaongeza ajali nyingine, mnara wa Siloamu ulioanguka na kuua watu 18. Je, walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu? "Nawaambia, Sivyo, lakini msipotubu, ninyi nyote mtaangamia vivyo hivyo." Alikataa kuwafungulia mashtaka waliokufa, akawageukia wazima. Ndivyo nionavyo kuhusu Igoma na Ukara pia. Hukumu yenye kazi ya kufanya baada ya misiba ile ilikuwa inawatafuta walio hai: waliojaza watu kupita kipimo, waliofumba macho, na sisi tunaosukumana kupanda chombo huku tukiona kabisa kimejaa. Kumtupia Mungu lawama ya namna hiyo na kuiita imani ni kumsingizia, na kinachoniumiza zaidi ni kwamba yalisemwa mbele ya watu waliokuwa bado wanasubiri miili ya ndugu zao.

Lakini moto wa Malaki wenyewe unafanyaje kazi? Sisi wa Kanda ya Ziwa hatuna udhuru wa kutouelewa mfano huu. Geita iko ng'ambo tu, na tangu Juni 2021 Mwanza yenyewe ina kiwanda cha kusafisha dhahabu. Wahubiri wetu wana kisa wanachokipenda sana: kwamba mfua fedha hujua kazi imekamilika anapouona uso wake ndani ya ile fedha iliyoyeyuka. Ni kisa kizuri, ila Malaki hana neno hilo. Nikaenda kwa sonara mmoja hapa mjini, mzee mwenye duka dogo la kioo kimoja, nikamwuliza. Alikuwa anayeyusha mabaki ya hereni. Aliyatia kwenye kalibu, akanyunyizia boraksi, akawasha bomba la gesi na kuliinamia. Dhahabu haiyeyuki hadi joto lifike nyuzi 1,064 za Selisiasi, kwa hiyo hapakuwa na kitu cha haraka. Kwanza vile vipande vilikuwa vyekundu, kisha vikalegea, kisha vikakimbiliana na kuwa tone moja linalotetemeka.

"Mimi sitazami uso wangu, dada yangu," akaniambia bila kuinua kichwa. "Natazama huku pembeni, uchafu unakokimbilia."

Kweli, ule ukungu mweusi ulikuwa unasogea ukingoni pamoja na boraksi, na katikati palikuwa panang'aa. Alipomaliza akafagia sakafu. Vumbi akalikusanya kwenye kopo la maziwa lenye kifuniko, maana katika vumbi la duka la sonara huwa mna dhahabu, na baada ya muda wa kutosha nalo huchomwa ili itoke. Sikuwa nimelijua hilo. Nimelitafakari kuliko kile kisa cha uso: moto ule haukuwa na nia ya kupoteza hata punje.

Wakati wa Malaki fedha ilisafishwa kwa madini ya risasi. Fedha chafu iliyeyushwa pamoja na risasi, upepo wa mivukuto ukapulizwa juu yake, na risasi ikaungua ikichukua shaba na takataka nyingine, vyote vikanywewa na kalibu, ikabaki fedha. Risasi iliondoka na uchafu usiokuwa wake, na msomaji Mkristo hawezi kulipita jambo hilo bila kumkumbuka Kristo. Ila yupo Yeremia. Katika sura ya sita anaeleza usafishaji ulioshindikana: mivukuto imevuma kwa nguvu, risasi imeteketea, na kazi imekuwa ya bure kwa sababu waovu hawakuondolewa. Watu hao wanaitwa taka za fedha. Kwa hiyo si kila anayepitia moto anatoka safi, wala si kila mateso yanatakasa. Nawaomba wanaokimbilia kumwambia mgonjwa au mfiwa kwamba Mungu anamsafisha waisome sura hiyo kwanza.

Sasa niseme la nyumbani. Ukoo wetu, kama koo nyingi za Mwanza, una madhehebu yote chini ya paa moja. Mama alikuwa Mkatoliki hadi mwisho. Mjomba ni Msabato. Mimi niliolewa upande wa Waprotestanti na nikabaki huko kwa hiari yangu. Mama alipofariki, mabishano yalianza kabla hata maturubai hayajashuka. Wanajumuiya wake walitaka ziandikwe nia za Misa kwa ajili ya roho yake iliyoko toharani. Mjomba akasema wafu hawajui neno lolote, Mhubiri 9:5, wamelala hadi ufufuo. Na kuhusu hukumu, akaongeza, ile ya kuchunguza vitabu ilikwisha kuanza katika patakatifu pa mbinguni tarehe 22 Oktoba 1844, kwa hesabu ya Danieli 8:14. Wa kwetu wakaleta Waebrania 9:27, mtu hufa mara moja na baada ya kufa hukumu, na damu ya Yesu imeshamaliza yote.

Nawaheshimu wote watatu. Wengi wetu tunamsema Mkatoliki kwa jambo asiloliamini. Toharani, kama ilivyofundishwa na Mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa Firenze mwaka 1439 na ule wa Trento mwaka 1563, haimpi mtu nafasi ya pili ya kuamua. Ni ya waliokufa katika neema ya Mungu ila bado wana ya kusafishwa. Andiko linalotajwa mara nyingi ni la Paulo katika 1 Wakorintho 3, kwamba kazi ya mtu ikiteketea atapata hasara, ila yeye mwenyewe ataokolewa, lakini ni kama kwa moto. Mwaka 2007 Papa Benedikto XVI, akieleza mawazo ya baadhi ya wanateolojia wa siku hizi, aliandika kwamba moto unaounguza na kuokoa ni Kristo mwenyewe, na kukutana naye ndiyo hukumu. Hapo hata mimi Mprotestanti natia saini. Kinachobaki cha kubishania ni lini na wapi. Kwamba hatuwezi kusimama mbele zake na uchafu wetu ukabaki ulivyo, hilo halina ubishi katika ukoo wetu.

Ila kutakaswa nilikwisha kukuona kwa macho, wiki chache kabla ya maturubai yale, na hakukuhitaji mwanateolojia. Mama alikuwa mfanyabiashara wa dagaa. Alinunua Igombe, akaanikisha, akauza Mwaloni Kirumba kwa magunia. Alipoona hali imekuwa mbaya aliniita pembeni ya kitanda akanipa fedha zilizofungwa kwenye ncha ya kitenge. "Mwanangu, nenda Igombe kwa mama fulani. Alinianikia giza lile la mvua, dagaa wakaoza, nikamkata ujira. Mvua haikuwa kosa lake." (Kwa asiyejua: dagaa huvuliwa kwa taa usiku usio na mwezi, na kipindi hicho chote wavuvi hukiita giza. Mbalamwezi ikitoka, mitumbwi hupumzika na hesabu hupigwa.)

Nilimkuta yule mama mchangani, anageuza dagaa kwa fagio la chelewa. Nikamwamkia, "Mwangaluka mayu," akaitikia, nikamweleza nilichotumwa. Nilitegemea aseme yameshapita, au amshukuru Mungu, au alie. Akazipokea, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akazihesabu noti moja moja. Kisha akasema, "Zimepungua elfu nne. Jumamosi nilifanya kazi pia." Hapakuwa na hasira katika sauti yake. Alikuwa anajua hesabu yake, basi, na ameitunza miaka yote hiyo. Nikaongeza zile elfu nne kutoka mkobani mwangu. Ndipo akaniuliza mama anaendeleaje, anakula, analala?

Nilipomsimulia, mama alinyamaza akihesabu kwa vidole juu ya shuka. "Ni kweli, Jumamosi. Nilikuwa nimeisahau." Siku iliyofuata padri alikuja na mafuta ya wagonjwa, mama akaungama, akapokea. Sijui alichoungama wala si haki yangu kujua. Lakini nilipomwona akikumbuka ile Jumamosi, nilielewa kwa nini Malaki anasema msafishaji ataketi. Kazi hiyo haifanywi kwa kupita.

Na ukisoma Malaki hadi mstari wa tano unakuta ndipo moto unapofikia. Mungu anasema atakaribia ili kuhukumu, naye atakuwa shahidi mwepesi juu ya wachawi, wazinzi na waapao kwa uongo, halafu juu yao "wamwoneao mwajiriwa kwa ajili ya mshahara wake, wamwoneao mjane na yatima", na wanaompotosha mgeni asipate haki yake. Usukumani tumeusoma mstari huu nusu. Tumeng'ang'ania neno la kwanza. Kwa jina la wachawi tumewaua vikongwe wenye macho mekundu, bibi zetu ambao macho yao yameharibiwa na moshi wa kuni na samadi ya ng'ombe jikoni, na wauaji wengine walikuwa na majina ya ubatizo. Mungu hakukabidhi kesi hiyo kwa mtu yeyote kijijini. Alisema shahidi ni yeye. Na katika mstari ule ule, kwa pumzi ile ile, mjane ni mtu anayetetewa. Kikongwe aliyekatwa mapanga kwa sababu wanawe wanataka shamba alikuwa mjane.

Baada ya wachawi anakuja mwajiriwa, na hapo kanisa zima huwa tumeshafunga Biblia. Nani kati yetu amewahi kukemewa mimbarani kwa mshahara wa dada wa kazi ambao "anamtunzia" tangu Pasaka iliyopita? Tajiri mwenye mitumbwi anayetoa gharama za mafuta, za chakula, za nyavu zilizochanika, hadi mgawo wa vijana waliokesha majini unabaki wa kununulia vocha, huyo tunamwita mzee wa harambee na kumkalisha mbele. Yakobo katika sura ya tano anasema ujira uliozuiwa kwa hila unapiga kelele, na vilio vya waliovuna vimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Jina hilo hilo la Mungu, Bwana wa majeshi, ndilo tunaloliimba siku ya zaka.

Badala yake tumejifungulia soko la utakaso. Maji, chumvi, mafuta, vitambaa. Maombi ya kuvunja laana za ukoo na madhabahu za mababu. Sidharau mateso yanayowapeleka watu huko, nayajua, nimekaa na watu waliouza ng'ombe wa mwisho ili wapate mafuta hayo. Ninachokipinga ni mafundisho yenyewe: kwamba uchafu wote ulio ndani yangu uliwekwa na mtu mwingine, shangazi, jirani, babu aliyekufa zamani, na kwamba ukishalipiwa unatoka. Katika mafundisho hayo mimi sihukumiwi kamwe. Tena mwenye kuuza ana faida nikibaki mchafu. Kanisa limeshapita hapa. Mwaka 1517 Martin Luther aliinuka kupinga biashara ya rehema, yaani kuuza msamaha wa adhabu za dhambi, na mwaka 1563 ule Mtaguso wa Trento, ulioitetea toharani, uliwaagiza maaskofu wapige marufuku mapato ya aibu yanayotafutwa kwa jina lake. Pande mbili zilizogombana kwa kila kitu zilikubaliana kwamba moto wa Mungu hauuzwi.

Nayaandika haya nikiwa na jambo la karibu moyoni. Niko kwenye kamati ya fedha ya usharika wetu. Mlinzi wa kanisa hajalipwa kwa miezi kadhaa, na mama anayedeki naye vivyo hivyo, kwa sababu michango imeelekezwa kwenye spika mpya za kwaya. Kikao kilichopita niliomba tusome Malaki 3 kuanzia mwanzo, na tuishie mstari wa tano. Ilisomwa. Mzee mmoja ninayemheshimu sana akasema, "Mama, hayo ni ya makuhani wa Agano la Kale, sisi tuko chini ya neema." Nikamjibu kwamba Petro aliyeandika hukumu inaanzia nyumba ya Mungu alikuwa chini ya neema ile ile. Mwingine akasema fedha za spika zimeahidiwa mbele ya madhabahu, haziwezi kuguswa. Mhasibu wetu, kijana mtulivu ambaye huwa hasemi, akafungua daftari na kusoma deni la mlinzi mwezi kwa mwezi, kisha la mama wa usafi. Hakuongeza neno. Tukaahirisha.

Kikao kingine ni Jumapili ijayo baada ya ibada ya pili. Nimeomba, na mchungaji amekubali, mlinzi na yule mama waitwe ndani, wasomewe hesabu wenyewe, waseme kama kuna Jumamosi tuliyoisahau.